Chekechea Ipi Iliyo Nzuri? Namna ya Kusoma Herufi za Shule Zetu za Houston

Wazazi wenzangu, na nyinyi watoto wakubwa mnaowasomea wazazi kijarida hiki,

Kila ukifika msimu wa kuandikisha watoto, Jumamosi baada ya darasa nakutana na swali lile lile pale kwenye birika la chai: "Mwalimu, shule fulani ina A, ya karibu na kwetu ina C. Huyu mdogo nimpeleke wapi?" Mama mmoja alikuwa tayari kuvunja mkataba wa nyumba na kulipa faini ili ahamie karibu na shule ya A, na mtoto mwenyewe ana miaka minne. Nilimwomba asubiri kwanza niandike. Haya ndiyo niliyomwahidi.

Tuelewane kwanza kuhusu neno. Chekechea ninayoizungumzia ni ya umma, ya watoto wa miaka minne na mahali pengine mitatu, ambayo hapa Texas wanaiita Pre-K. Baadhi yetu tuliokulia Tanzania tulikuwa tukiiita shule ya vidudu. Baada yake ndiyo kindagateni, ya miaka mitano, halafu darasa la kwanza. Mtoto awe ametimiza miaka minne kufikia tarehe 1 Septemba ya mwaka huo wa shule. Aliyezaliwa tarehe 2 atasubiri.

Pia kabla ya kulinganisha chochote, jua uko wilaya gani. Hapa shule haziendeshwi na jiji, zinaendeshwa na wilaya za shule, na mipaka ya wilaya haifuati mipaka ya jiji. Mtu anasema anakaa Houston, barua zake zinaandikwa Houston, kumbe mtoto wake ni wa Alief ISD, au Spring Branch ISD, au Cypress-Fairbanks ISD. Kwa hiyo jirani akikusifia shule, muulize wilaya yake kwanza, usije ukapanga foleni ya bure.

Sasa hizo herufi. Texas Education Agency, yaani idara ya elimu ya jimbo, huipa kila shule na kila wilaya alama kuanzia A mpaka F. Unaweza kuziangalia bure kwenye TXschools.gov. Alama inatoka wapi? Kwa shule ya msingi inatokana kwa sehemu kubwa na mtihani wa jimbo uitwao STAAR, na mtihani huo unaanza darasa la tatu. Tafadhali isome tena sentensi hiyo. Mtoto wa chekechea hafanyi STAAR. Wa kindagateni hafanyi, wala wa darasa la kwanza na la pili. Herufi unayoiona inakueleza walichofanya watoto wa miaka minane mpaka kumi na mmoja. Kuhusu chumba atakachokaa mtoto wako wa miaka minne, haisemi kitu moja kwa moja.

Na kuna jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Baadhi ya wilaya, Houston ISD ikiwemo, zina vituo vya chekechea vinavyojitegemea, jengo zima watoto wadogo tu. Kituo kama hicho hakina hata mtoto mmoja anayefanya STAAR. Basi herufi yake inatoka wapi? Ni ya kuazima. Kituo huoanishwa na shule nyingine, kwa kawaida ile ambayo watoto wake huendelea nayo, na kituo huhesabiwa kwa matokeo ya shule hiyo. Mimi ni nesi, na nilipoelewa hivyo nilicheka peke yangu: ni sawa na kupima presha ya dada mkubwa na kuiandika kwenye faili la mdogo wake.

Sisemi herufi ni takataka. Shule yenye F miaka mitatu mfululizo inakuambia kitu kuhusu uongozi, na mtoto wako atafika darasa la tatu siku moja. Lakini isome kwa ndani. Imejengwa kwa vitu vitatu: matokeo ya mtihani, maendeleo ya wanafunzi, na hali ya makundi mbalimbali ya wanafunzi, yaani kama shule inawaacha wengine nyuma. Kati ya matokeo na maendeleo wanachukua kilicho bora, kinahesabiwa asilimia 70, na kile cha makundi kinachukua asilimia 30. Kwa hiyo shule mbili zenye B zinaweza kuwa zimeipata kwa njia tofauti kabisa. Moja watoto wake walikuja wakiwa wanajua, nyingine imewainua watoto waliokuja hawajui. Mimi huangalia maendeleo kwanza, kwa sababu ndiyo yanayoonyesha kazi ya mwalimu. Matokeo peke yake mara nyingi yanaonyesha mshahara wa wazazi.

Angalia na mwaka. Mwaka 2020 na 2021 hazikutolewa herufi kwa sababu ya korona. Mwaka 2022 shule zilizostahili D au F hazikupewa herufi yoyote. Za 2023 zilikwama mahakamani hadi Aprili 2025, kisha za 2024 na 2025 zikatoka pamoja Agosti 2025. Katikati hapo vipimo vilibadilishwa, kwa hiyo A ya 2022 na B ya 2023 hazikupimwa kwa mizani moja, na huwezi kusema shule imeshuka. Tena Bunge la Texas lilipitisha sheria mwaka 2025 kwamba STAAR yenyewe iondolewe kuanzia mwaka wa shule 2027–28. Kwa watu wa Houston ISD ongeza hili: jimbo lilichukua uendeshaji wa wilaya mwezi Juni 2023, na tangu hapo walimu wakuu na walimu wengi wamebadilika. Unaweza kukuta herufi ni ya watu ambao hawako tena pale.

Kipimo kilicho karibu zaidi na mtoto wako ni kile kinachofanywa mwanzo wa kindagateni. Mwalimu humpima kila mtoto: anatambua herufi ngapi, anasikia sauti za maneno, anahesabu, anakaa na wenzake vipi. Jimbo hutoa asilimia ya watoto walioonekana kuwa tayari. Hapo angalau tunawazungumzia watoto wadogo. Lakini napo kuna mtego, na nitautolea mfano wa kubuni.

Tuseme kuna chekechea mbili, kila moja ina watoto 20. Ya kwanza mwishoni mwa mwaka ina watoto 18 walio tayari, yaani asilimia 90. Ya pili ina 12, yaani asilimia 60. Ukiishia hapo utakimbilia ya kwanza. Sasa uliza walianzaje mwezi Septemba. Ya kwanza ilianza na watoto 16 ambao tayari walikuwa wanajua. Mwaka mzima imewasogeza wawili. Ya pili ilianza na watatu, nusu ya darasa hawana neno la Kiingereza, na imewasogeza tisa. Mimi wangu ningempeleka ya pili bila kufikiri mara mbili. Na kumbuka kwamba kwenye darasa la watoto 20, mtoto mmoja ni asilimia 5. Mapacha wakihama na wazazi wao, shule "inashuka" na mwalimu hajakosea lolote.

Nyinyi mlio darasa la tano na la sita, fanyeni hesabu hiyo na mama au baba jikoni leo. Mtaona wakubwa wengi wanaishia kwenye 90 na 60.

Watu wa utafiti nao wanatufundisha tusiwe na haraka. Kule Tennessee walifuatilia watoto karibu 3,000 walioomba chekechea ya jimbo, wengine walipata nafasi na wengine wakakosa kwa bahati nasibu. Mwisho wa mwaka wa chekechea, waliopata walikuwa mbele. Walipofika darasa la tatu walikuwa nyuma kidogo ya wale waliokosa, na darasa la sita pengo likawa kubwa zaidi. Matokeo hayo ya darasa la sita yalichapishwa mwaka 2022 na yaliwashtua wengi. Kule Boston walifanya uchunguzi wa namna hiyo hiyo kwa watoto waliopata na waliokosa nafasi kati ya 1997 na 2003. Kwenye mitihani ya jimbo hawakuona tofauti, lakini waliosoma chekechea walimaliza sekondari na kuingia chuo kwa wingi zaidi. Kwa hiyo mtihani unaweza kukuambia chekechea imefaulu kumbe faida itayeyuka, au ukakuambia haina faida kumbe faida imejificha mpaka mtoto ana miaka 18. Ninachokielewa mimi ni kwamba jina la "chekechea" halitoshi, kinachofanyika ndani ya chumba ndicho chenye uzito.

Ndiyo maana nawaambia: nendeni mkaangalie. Piga simu ofisi ya shule, omba siku ya kutembelea. Hutakiwi kuwa na Kiingereza cha kifalme, na mkubwa wako wa darasa la saba anaweza kukusindikiza.

Ukifika, hesabu vichwa. Sheria ya Texas inaruhusu darasa la chekechea hadi watoto 22, na inazitaka wilaya zijitahidi mtu mzima mmoja asizidi watoto 11. Taasisi ya NIEER ya Chuo Kikuu cha Rutgers, ambayo hupima chekechea za majimbo yote, inataka watoto wasizidi 20, na mtu mzima mmoja kwa watoto 10. Kwa hiyo ukikuta 22 na msaidizi hayupo, uliza yuko wapi, na kama hayupo leo tu au hayupo siku zote.

Halafu acha kuangalia kuta. Kuta zilizopambwa sana hazinivutii. Sikiliza nani anazungumza. Kama ni mwalimu peke yake na watoto wamekaa kimya na karatasi, dakika arobaini, mimi sipendi hata kama shule ina A. Mtoto wa miaka minne anajifunza kwa kujibu, kuuliza, kujenga na kubomoa. Tazama mwalimu anapomsemesha mtoto: anainama wakakutana macho, au anapiga kelele kutoka mezani? Mtoto akikojoa, anabadilishwaje? Nimefanya kazi wodi ya watoto, na nawaambia hapo ndipo utamjua mtu.

Uliza maswali machache tu. Mwalimu huyu yuko hapa tangu lini? Mtoto aliyeanza mwaka jana hajui Kiingereza, mwishoni alikuwa amefika wapi, na mnaweza kunionyesha kazi zake bila jina? Akimaliza hapa, kindagateni ataenda shule gani? Hili la mwisho watu husahau. Ukimpeleka kwenye kituo cha watoto wadogo tu, mwaka ujao anahama, na nafasi ya shule nzuri uliyoiona jirani na kituo si lazima iwe yake. Uliza na usafiri. Shule ya A ya mwendo wa dakika arobaini, halafu wewe unatoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, mtoto atakosa siku nyingi. Akikosa asilimia 10 ya siku za shule, hapa wanamhesabu kuwa mtoro sugu, na kwa mtoto anayejifunza lugha kila siku inayopotea ina uzito. Texas mtoto halazimishwi shule mpaka afike miaka sita, lakini ukishamwandikisha chekechea, sheria ya mahudhurio inamhusu.

Sasa nifike kwenye karatasi ambayo kwangu ni muhimu kuliko herufi zote.

Chekechea ya umma hapa si ya bure kwa kila mtoto. Anastahili bure mtoto ambaye hazungumzi na kuelewa Kiingereza, au kipato cha nyumbani kiko ndani ya kiwango cha chakula cha shule cha bure au cha bei nafuu, yaani kisichozidi asilimia 185 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu, au hana makazi, au amewahi kulelewa chini ya ustawi wa jamii, au mzazi ni mwanajeshi, na sababu nyingine chache. Inatosha moja. Mtoto wa miaka minne anayestahili lazima apewe siku nzima, tangu sheria ya 2019. Wazazi wengi wenye kazi nzuri wananiambia, "Sisi tunafanya kazi wote wawili, si ya kwetu hiyo," wanalipa pesa nyingi kwa mlezi, kumbe mtoto anazungumza Kiswahili tupu kwa bibi yake mchana kutwa na anastahili kwa sababu ya lugha. Na kwa wale wenye hofu: mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iliyotoka hapa hapa Texas, mji wa Tyler, iliamua kuwa mtoto hanyimwi shule ya umma kwa sababu ya hati za uhamiaji.

Siku ya kuandikisha utapewa fomu ya lugha ya nyumbani. Inauliza lugha gani zinatumika nyumbani, na mtoto anatumia lugha gani. Ukiandika lugha nyingine isiyo Kiingereza, mtoto anapimwa Kiingereza, na asipofikia kiwango anapata msaada wa lugha. Ukiandika Kiingereza, hapimwi. Fomu hii hujazwa mara moja tu, na hukaa kwenye faili lake miaka yote.

Mimi nilipoandikisha kifungua mimba wangu nilikuwa na miezi mitano hapa, nafanya kazi ya usaidizi wa wauguzi, kipato kidogo, akapata nafasi kwa kipato. Kwenye fomu ile nikaandika Kiingereza. Mtoto alikuwa anajua "thank you" na majina ya katuni. Niliogopa wangemweka na watoto wanaodhaniwa hawana akili, na nikiri, niliona aibu pia. Basi akakaa darasani bila msaada wa lugha, akanyamaza. Oktoba, Novemba, Desemba, hasemi neno. Mwalimu, ambaye karatasi ilimwambia huyu ni mtoto wa Kiingereza, akaniita kwa upole akaniuliza kama nimewahi kumpima masikio. Nikampeleka akapimwa masikio! Mimi, ambaye kila siku nawaambia wagonjwa waseme ukweli wote kwa daktari. Masikio yalikuwa mazima. Mtoto anayejifunza lugha ya pili anaweza kunyamaza wiki au miezi, ni kawaida, lakini mwalimu hawezi kulijua hilo kama wewe umemficha.

Kwa hiyo andika ukweli. Kama nyumbani ni Kiswahili, andika Kiswahili. Na kama nyumbani mnazungumza Kiingereza, andika Kiingereza. Usidanganye ili upate nafasi ya bure, mtoto atapimwa na utajiaibisha. Nyinyi watoto wakubwa ambao ndio mnaojaza fomu za wadogo zenu, msijaze kile mnachodhani shule inapenda kusikia. Muulize mama kwanza.

Lazima niseme na upande wa pili. Mtoto akiingizwa kwenye kundi la wanaojifunza Kiingereza, kuanzia kindagateni atafanya mtihani wa lugha uitwao TELPAS kila mwaka mpaka atoke kwenye kundi hilo, na wengine wanakaa humo muda mrefu. Mzazi unayo haki ya kukataa huduma. Mimi baada ya yaliyonikuta, mdogo wake niliandika Kiswahili, akapata msaada, akatoka kwenye kundi akiwa darasa la pili. Tena sheria inasema wilaya ikiwa na watoto 20 au zaidi wa lugha moja, darasa moja, wanaohitaji Kiingereza, inapaswa kuwawekea masomo ya lugha mbili. Kwa Kihispania yapo tele. Sisi kila anayeandika Kiingereza kwa aibu anatupunguza kwenye hesabu hiyo.

La mwisho ni la kinesi. Kadi ya chanjo ya Tanzania au Kenya ileteni, ni halali, msiitupe. Lakini haitatosha. Kule mtoto anachomwa surua na rubela. Hapa wanataka surua, matumbwitumbwi na rubela kwa pamoja, halafu na tetekuwanga, na homa ya ini aina ya A, ambazo haziko kwenye ratiba ya kawaida ya kwetu. Dozi mbili za homa ya ini A hupishana miezi, kwa hiyo ukianza Agosti umechelewa.

Yule mama wa mkataba wa nyumba ameshatembelea shule zote mbili. Ya A ilikuwa na watoto 22 na msaidizi mmoja anayezunguka vyumba viwili. Ya C alikaa saa nzima akasahau kwamba alikuja kukagua. Bado hajaamua, na anataka kurudi ya A siku nyingine, labda siku ile mambo hayakuwa mazuri. Sawa kabisa.

Jumamosi ijayo na inayofuata nitabaki baada ya darasa mpaka saa nane mchana. Leteni kadi za chanjo, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na kitu chenye anwani yenu, kama bili ya umeme. Tutaangalia wilaya yako kwenye simu, kisha fomu ya lugha tutaisoma pamoja kabla hujaweka kalamu.